Cheo Nilichokisugua kwa Mchanga na Maji

Nianze na malalamiko, kwa kuwa nimestaafu na sina tena mteja wa kumwogopa.

Juzi kijana wa jirani yangu hapa Homa Bay alikuja na karatasi. Baba yake alikuwa amefariki, mtu mpole niliyemjua tangu utotoni, aliyetengeneza baiskeli maisha yake yote na kuzitengeneza vizuri. Kijana alitaka nimkagulie maneno ya jiwe la kaburi kabla hajayapeleka kwa wachongaji. Nikavaa miwani. Mstari wa kwanza: Mheshimiwa. Wa pili: Mzee, Elder, Injinia. Wa tatu: Mwenyekiti Mstaafu, na chini yake jina la kamati ambayo najua ilikutana mara moja tu, na siku hiyo marehemu hakuhudhuria. Jina lenyewe la baba yake lilikuwa mstari wa tano, kwa herufi ndogo, kama mtu aliyechelewa sherehe akakosa kiti.

Nikamuuliza kwa nini asiandike kwamba baba yake alitengeneza baiskeli. Akanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu. Akasema kwa adabu kwamba watu watacheka. Nikamwambia waliopanda hizo baiskeli hawatacheka. Alikunja karatasi yake akaenda zake, na nasikia jiwe limeshasimamishwa, vyeo vyote vikiwepo.

Basi ninyi vijana mnaochonga mawe Migori na Homa Bay, mnaobonyeza kompyuta jiwe likajiandika lenyewe, hebu zimeni mashine kidogo mnisikilize. Mnaniudhi. Lakini kosa hili nalijua vizuri kwa sababu nililifanya kabla yenu, na nikalilipia kwa ngozi ya vidole vyangu.

Kazi nilifundishwa na Fundi Zablon, aliyekuwa na banda lake nyuma ya soko la Homa Bay. Alikuwa mfupi, mkimya, na hasira zake zote zilikaa kwenye nyusi. Mwaka wangu wa kwanza sikugusa jiwe la mteja. Nilichonga mistari. Mistari mitupu, juu ya vipande vya marumaru vilivyovunjika, mpaka mkono ukaelewa kwamba pigo dogo hupigwa mara nyingi, na pigo kubwa hupigwa mara moja halafu unakwenda kutafuta jiwe lingine.

Alinifundisha kupima maneno kuanzia katikati ya jiwe kwenda pembeni, ili usifike mwisho ukakuta jina la ukoo halina pa kukaa. Alinifundisha kuchonga kwanza herufi zilizonyooka na kuziacha za mviringo mpaka mkono upate joto. Alinifundisha kulowesha jiwe kabla ya kuligusa kwa tindo, maana ufa uliojificha hunywa maji, na jiwe likianza kukauka, ufa hubaki mweusi na kujitangaza. Somo hili nililipuuza mara moja tu, huko Kisegi, kwenye jiwe la msingi la kanisa. Nilikuwa kwenye herufi ya mwisho kabisa, mchungaji amesimama nyuma yangu akinisifu, jiwe likapasuka vipande viwili. Mchungaji akauliza kama hiyo ni ishara. Zablon akamjibu kwamba ndiyo, ni ishara ya uvivu.

Lakini sheria kubwa ya banda ilikuwa nyingine. Mteja huleta maneno kwenye karatasi. Karatasi inapigiliwa msumari ukutani, mbele ya macho yako. Unachonga kilichoandikwa. Ukiona kosa, unamuuliza mwenyewe. Huongezi neno, hupunguzi neno. Zablon alikuwa akisema jiwe halina kifutio, na alilisema kila siku mpaka nikaacha kulisikia.

Sasa nifike Kendu Bay.

Wakati ule mtaa wa maduka ulikuwa bado na Wahindi kadhaa, na mmoja wao alikuwa mzee aliyeitwa na kila mtu Lala. Jina lake lilikuwa Ramdas. Aliuza nyuzi za nyavu, majembe, taa na vitambaa, na Dholuo chake, lugha yetu sisi Wajaluo, kilikuwa cha zamani kuliko changu. Alikuwa amejenga tangi la mawe la kuvunia maji ya mvua kwenye shule ya msingi, kwa sababu watoto walikuwa wakiacha masomo kwenda kuteka ziwani. Alipofariki walimchoma kwa desturi yao na majivu yakatiwa ziwani. Kwetu sisi mtu kukosa kaburi ni jambo linalosumbua, na mji mzima ulisumbuka kwa niaba yake. Kwa hiyo binti yake, Savitri, alipokuja bandani kuagiza jiwe la kuwekwa kwenye tangi, nilifurahi kuliko yeye.

Alileta karatasi yenye maneno saba. Ramdas alijenga tangi hili ili watoto wanywe. Basi.

Sikio halipiti kichwa, lakini wiki ile sikio lilikuwa peke yake bandani. Zablon alikuwa huko Sori akisimamisha mawe mawili na hangerudi upesi. Niliitazama ile karatasi nikaona huruma. Mzee mkubwa vile, maneno saba! Kwetu hata mlinzi wa bwawa la ng'ombe huzikwa na sifa za kujaza ukurasa. Nikaenda kuulizauliza Kendu Bay, na mwenye duka jirani, mzee Mwislamu aliyekuwa akichukua barua za mtaa mzima posta, akaniambia jambo ambalo Lala mwenyewe hakulisema hata siku moja. Zamani, barua zake kutoka kwao India zilikuwa zikija zimeandikwa Rai Sahib Ramdas.

Niwaeleze, maana hamkuyakuta haya. Mwingereza alipotawala India alikuwa na ngazi ya vyeo vya kuwapa Wahindi waliomfaa. Juu kabisa mtu aliguswa bega kwa upanga akaitwa Sir. Chini yake kulikuwa na vyeo vingi vya kila kimo. Mhindu wa daraja la chini aliitwa Rai Sahib, akizidi kufaa akawa Rai Bahadur. Mwislamu alikuwa Khan Sahib, naye akipanda alikuwa Khan Bahadur. Mtu alipewa nishani ya kifuani na karatasi yenye muhuri, na tangu siku hiyo aliyemwandikia bila cheo alihesabiwa kuwa hana adabu. Huku kwetu Mwingereza alibana mkono zaidi. Chifu wetu alipata nishani na kofia.

Mimi sikujua Lala alifanya nini hata akapewa. Sikuuliza. Niliona tu kwamba binti yake, kwa unyenyekevu au kwa huzuni, alikuwa karibu kumtoa baba yake mbele za watu bila viatu, na kwamba ni mimi wa kumvisha. Nikaweka RAI SAHIB juu kabisa, herufi kubwa mara mbili ya zile nyingine, na ua dogo kila upande. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga. Hata leo nikizikumbuka, nazionea fahari kidogo, na naona aibu kuzionea fahari.

Siku ya kuzindua, chifu alikuwepo, wazee walikuwepo, watoto walipangwa kwa kimo. Mwalimu mkuu akavuta kitambaa. Savitri alisoma. Alikichukua kile kitambaa mkononi mwa mwalimu mkuu, akalifunika jiwe tena, akafunga pembe zake fundo moja moja, kisha akarudi kwenye kiti chake. Programu ikaendelea, watoto wakaimba na kunywa maji. Mimi nilidhani ni mila ya Kihindi, kwamba jiwe hufunuliwa kisha hufunikwa. Nilimweleza hivyo jirani yangu kwenye benchi, kwa uhakika kabisa, kama mtaalamu.

Kesho yake Savitri alikuja Homa Bay. Zablon alikuwa amerudi. Mama yule alikaa kwenye kigoda changu, akatusimulia bila kupandisha sauti, na mimi nilisimama muda wote kwa sababu sikuona haki ya kukaa.

Baba yake alikuwa kijana mwenye maneno matamu, huko kijijini kwao Punjab, wakati wa Vita vya Kwanza. Serikali ilitaka vijana wa jeshi. Mtu aliyeleta vijana wengi alikumbukwa. Ramdas alipita nyumba kwa nyumba na sinia la peremende, akaahidi mishahara, akaahidi mashamba, akawaambia akina mama kwamba vita ni vya miezi michache. Ili waamini, alimtanguliza mdogo wake mwenyewe, Kishan. Wengi walikwenda. Ramdas akaitwa mjini, akavikwa nishani, akawa Rai Sahib. Halafu zikaanza kuja taarifa za vifo. Kishan aliletwa huku Afrika Mashariki, akapotea kwenye mapigano ya mpakani na Wajerumani, na hakuna aliyejua wapi. Pale kijijini akina mama hawakumtukana Ramdas. Waliendelea kumwita Rai Sahib, kila asubuhi, kila mmoja akipita mlangoni kwake. Hilo ndilo lililomshinda.

Siku moja alifunga nishani na ile karatasi kwenye kitambaa akavirudisha ofisini. Karani akakataa kuvipokea. Alisema fomu ya kupewa ipo, ya kurudisha haipo. Ramdas akaviacha mezani akatoka, akapanda meli kuja kumtafuta ndugu yake. Alimtafuta miaka. Hakuona hata alama. Alipochoka akafungua duka Kendu Bay.

Savitri alipofika hapo akanitazama mimi, si Zablon.

"Baba alinipa neno moja tu la kushika," alisema. "Alisema: Watu wakitaka kuniandika, waandike ile jina mama yangu alinipa. Ile ingine nililipwa."

Zablon aliinuka akaing'oa ile karatasi kwenye msumari, akanishikisha.

"Owuor, hiyo neno ilikuwa kwa karatasi?"

"Hapana, Fundi."

"Sasa ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi toa yako."

Ndiyo yote aliyoniambia siku ile, na kwa Zablon hiyo ilikuwa hotuba.

Mimi nilipendekeza tuligeuze jiwe tuchonge upande wa nyuma. Ni ujanja wa kawaida, na mafundi wote mnaujua. Savitri akakataa. Alisema cheo kitabaki kinautazama ukuta, na yeye hataki kigeuzwe, anataka kiondoke. Hapo nikajifunza kile kifutio cha jiwe ni nini. Unachekecha mchanga wa ziwa, unaumwaga juu ya jiwe, unatia maji, unachukua kipande cha jiwe gumu kuliko hilo, unasugua kwa miduara midogo. Huwezi kusugua pale penye neno tu, kwani utaacha shimo na kila mtu ataliona. Unaushusha uso wote, kutoka ukingo hadi ukingo, hadi ufikie kina cha herufi iliyo ndani zaidi. Na mimi, kwa mapenzi yangu yote kwa Lala, nilizichonga ndani sana. Karibu wiki tatu. Ngozi ya vidole ilitoka ikaota ikatoka tena. Wateja wakipita waliniuliza ninachonga nini, na Zablon alikuwa akiwajibu kwa niaba yangu kwamba huyu hachongi, huyu anachongua.

Jumapili moja katikati ya kazi hiyo nilikwenda nyumbani nikamweleza Dani, nyanya yangu mzaa baba. Alikuwa akipukuchua mahindi. Mikono yake ikasimama nilipofika pale pa vijana wa kijiji. Dani alikuwa na kaka, Okech. Vita vile vile, chifu wetu aliambiwa atoe vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, hao walioitwa Kariakor. Chifu hakuhangaika na peremende, alituma askari na kamba. Okech alivuka kuelekea upande wa Wajerumani na mzigo kichwani, na habari zake zikaishia hapo. Chifu akapata ile nishani yake. Dani hakuwahi kunywa maji katika boma la chifu huyo maisha yake yote, nami nilikuwa nimekua nikidhani ni ugomvi wa mpaka wa shamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye mahindi yake. "Huyo Mhindi alirudisha," akasema. "Wa kwetu alizikwa nayo."

Wiki ya tatu Savitri alikuja kutazama. Jiwe lilikuwa jembamba zaidi na tupu, jeupe kote. Akasema kwa kuwa sasa nafasi ipo, anaomba kuongeza. Baba yake alikuwa hawezi kulitaja jina la mdogo wake bila kutoka dukani kwenda kusimama uani peke yake. Akaandika karatasi mpya, Zablon akaipigilia msumari, nami nikachonga kilichoandikwa na si nukta zaidi: Ramdas na Kishan, ndugu wa tumbo moja. Tangi hili ni la watoto.

Lakini kuna siri moja. Ile R ya RAI sikuifikia chini kabisa. Ukilowesha jiwe lile asubuhi, jua likija kwa upande, utaiona imelala chini ya jina la Kishan. Zablon aliiona. Aliniambia niiache ili inikumbushe, na alipozeeka ndiye aliyenirithisha tindo lake.

Sasa nije kwenye mambo ya leo.

Akinyi mnamjua wengi wenu. Nilimfundisha mwenyewe, sasa ana karakana yake Migori, mashine ya leza na nyingine ya kupuliza mchanga, na ana kazi nyingi kuliko nilivyowahi kuwa nazo. Mwezi uliopita alinitumia picha kwenye simu. Granaiti nyeusi inayong'aa. Uso wa mzee mwenye masharubu, nishani kifuani. Juu yake, kwa rangi ya dhahabu, RAI SAHIB RAMDAS. Chini yake Akinyi ameandika: Japuonj, angalia hii, si imeweza? Kwetu japuonj ni mwalimu, na siku hiyo niliona aibu kuitwa hivyo.

Nilijibu kwa kidole kimoja, simu ikanibadilishia maneno, nikafuta, ikabadilisha tena. Mwisho nikampigia. Akanieleza kwamba shule ya Kendu Bay inasherehekea miaka yake, na kitukuu wa Lala amekuja kutoka ng'ambo kutengeneza lile tangi lililopasuka. Kijana huyo ameona jina la babu yake mkuu kwenye orodha ya zamani ya vyeo, kwenye mtandao, na anataka jiwe jipya. La zamani je? Akasema mwalimu mkuu amesema litafaa kuwa ngazi ya jikoni.

Nilikwenda Kendu Bay kesho yake asubuhi. Goti langu moja halikubaliani na safari siku hizi, lakini halikuulizwa.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, sitaki mumfikirie vibaya. Alinipa kiti, akanipa chai. Akaniambia, "Mzee, cheo inavutaga wafadhili. Jina tupu itavuta nani?" Nikamwambia jina tupu lilivuta maji miaka hamsini. Akacheka kwa heshima, kama mnavyocheka ninyi mtu mzima akisema jambo mnalopanga kulipuuza. Nilipotoka nje nikaliona jiwe langu. Lilikuwa limeegemezwa ukuta wa jikoni, na mpishi ameanika mwiko juu yake. Niliudhika, na nilitaka kulia pia, na mtu wa umri wangu akitaka kufanya yote mawili hubaki amesimama tu.

Hapo ndipo kitukuu alinikuta. Anaitwa Arjun, kijana wa sauti ya chini, na Kiswahili alichojifunza kwa bibi yake hakijachakaa sana. Alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyonipa taabu. Aliniambia kwamba kwao nyumbani hakuna aliyezungumza habari za mzee huyo, na maisha yake yote alidhani kuna jambo la aibu. Kumbe mzee alikuwa mtu wa cheo! Alinionyesha ile orodha kwenye simu. Jina lilikuwepo kweli. Kisha akaniuliza huyo Kishan wa kwenye jiwe ni nani, maana kwao hakuwahi kusikia kwamba mzee alikuwa na ndugu.

Vijana, ilikuwa rahisi kunyamaza. Kijana amesafiri mbali, tangi litatengenezwa, watoto watakunywa, wafadhili watakuja. Nani angepungukiwa? Niliwaza hivyo kwa muda wa kumaliza pumzi moja. Halafu nikamwomba mpishi kata ya maji.

Nilimweleza Arjun kila kitu alichonieleza Savitri: sinia la peremende, akina mama mlangoni, karani asiye na fomu. Nikalilowesha jiwe. Jua lilikuwa bado la upande. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya ile R, chini ya jina la Kishan, na nikamwambia hicho ndicho cheo alichokuwa akikitafuta, na mimi ndiye mjinga niliyekiandika, na mimi ndiye niliyekiondoa.

Alichuchumaa pale, kidole bado kikiwa juu ya ile R. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kwenye orodha bado yupo."

"Yupo kwa sababu hakuna aliyekubali kumfuta," nikamwambia. "Babu yako alijaribu. Sasa uko wewe."

Akaniuliza nafikiri aandike nini. Nikamwambia mimi ni fundi, fundi haongezi neno, akaandike karatasi yake mwenyewe ailete. Siku ile ile jiwe la zamani lilirudi kwenye tangi. Mwalimu mkuu mwenyewe alishika upande mmoja, na namshukuru.

Arjun alimpigia Akinyi asimamishe kazi. Akinyi akasema kazi imeisha, jiwe limeshachongwa, linakauka rangi. Basi nikaenda Migori.

Akinyi, nyara, yaani binti yangu, ninakupenda kama mwanangu wa kumzaa, lakini neno lako la kwanza lilikuwa, "Japuonj, si tuigeuze tu?" Miaka hamsini, ujanja ule ule! Nikamwambia hapana, na nikamweleza kwa nini. Akaleta grinda. Grinda hula haraka, lakini hula kwa mawimbi, na kwenye granaiti iliyong'arishwa kila wimbi huonekana kama kovu. Ikabidi tumalize kwa mkono, kwa unga mkali wa kusugulia kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, na maji, miduara midogo, ukingo hadi ukingo. Siku ya nne Akinyi aliketi chini akaangalia vidole vyake. Akasema kuliandika lile neno kulimchukua saa moja. Sikumjibu. Kuna raha chache zinazobaki uzeeni na sikutaka kuiharibu hiyo kwa maneno.

Karatasi ya Arjun ilikuja tulipokuwa tunamalizia. Alikuwa amewapigia simu shangazi zake, na wao wakampigia mzee mmoja kijijini kwao anayekumbuka kwa niaba ya wengine. Hapakuwa na picha wala nishani. Yalikuwa majina tisa ya vijana waliokwenda na Kishan wasirudi, majina matupu, jina moja kila mstari. Nilitafuta msumari karakana nzima, sikupata, nikaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Akinyi akayachonga tisa yote kwa mashine yake, na yalitoka vizuri, siwezi kusema uongo.

Chini palibaki nafasi ya mstari mmoja.

Niliitazama nafasi ile siku nzima. Nilikunywa chai nikaitazama. Nilijua ninachotaka, na nilijua vilevile mara ya mwisho nilipotaka jambo mbele ya jiwe la mtu ilikuwaje. Jioni nikamwandikia Arjun ujumbe, polepole, simu ikabadilisha maneno nami nikayarudisha. Nikamweleza habari za Okech, kaka wa Dani, aliyebeba mizigo ya jeshi upande ule ule alikopotea Kishan, vita vile vile. Huenda alibeba mchele wake. Huenda hawakuonana kabisa. Nikauliza kama mwenye jiwe anaweza kuruhusu jina moja zaidi, na nikasema kwamba akikataa sitaudhika. Hapo nilidanganya.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Liandike, Mzee.

Akinyi alifungua kompyuta, akapiga jina, OKECH, halafu kidole chake kikasimama hewani. Akaniuliza tumwekee nini mbele yake: Mzee, Shujaa, au Marehemu?

Nikamwambia azime mashine. Nikatoa mfukoni tindo la Fundi Zablon, nikaomba maji, nikalilowesha jiwe.